Swichi ya Presha ya Pampu Inanasa: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta Mchawi Wake

"Kaka, hii ni swichi ya tatu tangu mwaka uanze, na pampu bado haizimi." Ujumbe wa namna hii naupata sana, hasa kutoka kwa watu wa Goba, Kibamba na Kigamboni wenye visima vyao nyumbani. Ukiwauliza wamefanya nini, jibu ni moja kati ya mawili. Wameigonga swichi kwa mpini wa bisbisi ikaachia, kesho yake ikanasa tena. Au wamezipiga msasa pointi zikang'aa kama kijiko kipya, zikadumu wiki mbili.

Tatizo ni kwamba wanaitibu swichi, na anayeiua swichi wanamwacha palepale pembeni. Kwa niliyoyaona, mara nyingi ni tenki la presha lililojaa maji, kijibomba kilichoziba chini ya swichi, au sisimizi. Swichi mpya ikifungwa juu ya ubaya uleule, nayo itakufa kifo kilekile.

Mwongozo huu ni wa swichi ya presha ya kawaida: kile kiboksi kidogo kilichokaa juu ya bomba karibu na tenki la presha, ambacho ukikifungua unakuta springi mbili, kubwa na ndogo. Kama yako ni ile ya kielektroniki yenye vitaa na kitufe cha kuanzisha upya, hatua nyingi hapa hazitakusaidia. Na kama pampu yako inazimwa na boya la ndani ya simtanki, hilo ni jambo jingine kabisa.

Andaa vitu hivi kwanza

Usianze kufungua halafu ndipo umtume mtoto dukani. Weka karibu:

- Maltimita, au angalau testa ambayo umeijaribu leo kwenye soketi yenye umeme
- Bisbisi ya bapa na ya nyota, zenye mpini mzima usiopasuka
- Spana mbili zinazobadilika ukubwa (mbili, sio moja, sababu utaiona hatua ya 5)
- Geji ya kupimia upepo wa tairi
- Pampu ya baiskeli au ile ndogo ya gari
- Kipande cha waya mgumu kama wa hanga la nguo, na mswaki wa zamani
- Kadi ngumu, kama kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha kazi
- Spiriti kidogo na kitambaa kisichotoa nyuzi
- Tepu nyeupe ya mafundi bomba
- Simu ya kupigia picha
- Viatu vya raba. Sakafu ya kibanda cha pampu huwa na unyevu siku zote, na kandambili sio viatu.

Swichi mpya usinunue bado.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni swichi kweli

Hatua hii inafanyika umeme ukiwepo, kifuniko cha swichi kikiwa kimefungwa, na mikono yako ikiwa mbali. Kazi yako ni kusikiliza na kusoma geji tu.

Tazama maandishi ya ndani ya kifuniko au kwenye karatasi iliyokuja na swichi. Nyingi zinazouzwa kwetu hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwasha pampu presha ikishuka hadi bar 1.4 na kuizima ikifika bar 2.8. Wenye geji ya psi wasome 20 na 40. Nitatumia namba hizo humu. Kama zako ni tofauti, badilisha.

Fungua bomba moja la nje, liache litiririke mpaka pampu iwake, kisha lifunge. Sasa tazama mshale wa geji.

*Mshale umepita 2.8, unaenda 3.5, na pampu bado inanguruma.* Zima breka mara moja. Swichi imenasa, au presha haiifikii. Usiiache iendelee: pampu inayosukuma maji yasiyo na pa kwenda huyachemsha maji yaliyomo ndani yake, na bomba dhaifu kuliko yote ndilo litakalopasuka.

*Mshale umefika 2.3 ukagoma hapo, pampu haizimi.* Hapa swichi haina kosa. Inasubiri 2.8 ambayo haiji. Ama pampu imechoka, ama kuna bomba linavuja ardhini, ama maji ya kisima yameshuka, ama kuna mtu alikaza nati ya springi kubwa kupita uwezo wa pampu. Baadhi ya waliobadilisha swichi tatu wako kwenye kundi hili, na wangeligundua kwa dakika tano za kukodolea geji macho.

*Mshale umeshuka hadi 0.8, umeme upo, na kimya.* Swichi haishiki. Kabla ya kuilaumu, tazama kama breka haijaanguka na kama kontrol boksi ya pampu haijajizima.

*Pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache, tak, tak, tak.* Swichi bado hai, lakini inauawa taratibu. Utanielewa ukifika hatua ya 6.

Geji nazo husema uongo, hasa zile ndogo za bei chee zilizokaa juani. Ukitaka kuikagua, weka geji ya tairi kwenye valvu ya upepo ya tenki la presha wakati mfumo una maji. Kama puto la ndani ni zima, upepo wa upande mmoja na maji ya upande wa pili vina presha ileile, kwa hiyo geji ya tairi itakupa namba ya kweli. Bar 1 ni psi 14.5.

Na kule kugonga? Gonga mara moja, taratibu, kwa mpini wa plastiki, juu ya kifuniko kilichofungwa. Ikiachia, umejifunza kuwa kuna kitu ndani kinang'ang'ania. Kugonga ni kipimo. Kuna nyumba niliyoingia nikakuta mwiko umening'inizwa msumarini kando ya swichi, kazi yake ni hiyo tu, na kila mtu wa nyumba anajua zamu yake.

Hatua ya 2: Kata umeme, kisha uthibitishe kuwa umekatika

Shusha breka ya pampu kwenye mein swichi. Bandika tepu juu yake na uwaambie watu wote wa nyumbani. Mtu aliye bafuni ana sabuni kichwani akiona maji yamekatika, wa kwanza kumkimbilia ni breka.

Fungua kifuniko cha swichi. Usiguse chochote bado. Pima kwa mpangilio huu:

1. Jaribu testa au maltimita kwenye soketi yenye umeme, uone inafanya kazi.
2. Pima kila skrubu ya swichi: laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi.
3. Rudi kwenye soketi uipime tena testa.

Ule mzunguko wa tatu sio mbwembwe. Testa ikifa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, itakuambia hakuna umeme kwenye waya wenye volti 230.

Pima nyutro pia, kwa sababu nyumba nyingi zimefungwa nyaya zikiwa zimepishana. Breka ya pampu inaweza kuwa inakata nyutro, na laivu ikabaki pale inakusubiri.

Kama pampu yako ni ya kuzama kisimani na ina kontrol boksi ukutani, iache ilivyo. Ndani yake kuna kapasita, na kapasita huhifadhi umeme hata baada ya breka kushushwa.

Umefanikiwa ukipata sifuri kwenye skrubu zote na testa yako bado ni nzima. Kama kuna namba yoyote usiyoielewa, funga kifuniko na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Hapo si pa kubahatisha.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kusafisha

Piga picha nyaya zote kwa simu, kwa karibu, zikiwa bado mahali pake. Halafu washa tochi na utazame pointi: vile vijidoa vya chuma cheupe vinavyokutana na kuachana. Utakachokiona kina maana yake.

Pointi za kijivu zilizofifia, bila mashimo, ni za kawaida.

Nyeusi zenye vijishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui: zimekuwa zikirusha cheche nyingi kupita kiasi. Ama pampu inawaka mara nyingi mno, ama inavuta umeme mwingi.

Zimeshikana, kuna kitone kidogo cha chuma kilichoyeyuka katikati: zimejichomelea. Hiyo swichi imekwisha, hata ukifanikiwa kuziachanisha.

Rangi ya kijani kwenye shaba ni unyevu na chumvi. Kigamboni na maeneo yote ya jirani na bahari haya ndiyo maradhi yetu, na yanazidi pale kifuniko kinapokuwa hakikai vizuri.

Plastiki ya kahawia iliyoungua karibu na skrubu moja tu ina maana waya ulilegea hapo, ukapata moto. Pointi huenda hazina neno.

Halafu kuna wadudu. Sisimizi wanaupenda mtikisiko na joto la swichi sijui kwa nini, na wanaingia kupitia tundu la waya. Anayekuwa katikati ya pointi wakati zinafunga anakaangwa, wenzake wanamfuata, nao wanakaangwa. Siku moja nilifungua swichi ya jirani yangu nikakuta tabaka la unga mweusi unaonuka kama nywele zilizoungua, nene kama kucha. Juu ya unga huo alikuwa amelala mjusi mdogo aliyekuja kula sisimizi, mkia upande wa laivu na kichwa upande wa nyutro. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa kwamba pampu imeungua na inapaswa kutolewa kisimani.

Sasa chukua kijiti cha mti, sio bisbisi, ukisukume kile kijiwenzo kinachobeba pointi juu na chini. Kinapaswa kuruka kwa ghafla na kutoa mlio mkavu: tak. Kama kinakwenda polepole kama mlango wenye bawaba yenye kutu, springi au ekseli yake imeshika kutu. Pointi zisizoachana kwa ghafla hurefusha cheche, na cheche ndefu ndiyo inayochomelea.

Hatua ya 4: Safisha pointi bila kuziharibu

Ondoa wadudu na vumbi kwa mswaki mkavu. Kata kipande chembamba cha ile kadi ya harusi, kiloweshe spiriti kidogo, kipitishe katikati ya pointi, zibane juu yake kwa kidole, kisha kivute. Rudia kwa kipande kipya mpaka kadi itoke safi. Acha spiriti ikauke kabisa kabla ya kufikiria kuwasha chochote.

Kwa nini sio msasa? Kwa sababu uso wa pointi una madini ya fedha, na tabaka lake ni jembamba. Msasa unalikwangua na kuacha mikwaruzo, na punje zake hubaki zimejipachika. Siku ya kwanza zinang'aa. Baada ya hapo zinachakaa haraka kuliko mwanzo. Ukilazimika, kwa sababu ni saa 2 usiku na watoto hawajaoga, tumia msasa laini sana mara mbili tatu, na asubuhi ukatafute swichi.

Onyo: usipulize mafuta ya kulegezea nati wala dawa ya mbu ndani ya swichi. Mafuta yanakamata vumbi, na dawa nyingi za kopo zinashika moto. Cheche moja inatosha.

Kaza skrubu zote za nyaya. Kila waya uvute kidogo, usicheze.

Umefanikiwa ikiwa ukifunga pointi kwa kijiti na kupima kwa maltimita upande wa ohm, huku nyaya za mota zikiwa zimetolewa, unapata namba ya karibu na sifuri, na ukiziachanisha maltimita inaonyesha kuwa njia imekatika. Fanya hivyo kwa pande zote mbili.

Hatua ya 5: Kijibomba kinachosahaulika

Swichi hukaa juu ya kijibomba kifupi cha robo inchi. Presha ya maji hupandia humo, inasukuma kiwambo cha raba, kiwambo kinasukuma springi. Tundu lake halizidi unene wa kalamu, na maji yetu mengi ya visima yana chuma na mchanga. Likiziba nusu, habari za presha zinamfikia swichi zikiwa zimechelewa: presha imeshafika 3.5 bombani, swichi bado inadhani ni 2. Au kinyume chake, maji yameisha bombani lakini presha ya zamani imefungiwa chini ya kiwambo, na swichi inagoma kuwasha.

Kwa macho, swichi yenye ugonjwa huu ni nzima kabisa. Ndiyo maana watu wanazitupa swichi nzima.

Umeme ukiwa bado umekatwa, fungua bomba la chini kabisa mpaka geji isome sifuri. Kama maji ya simtanki la juu yanaweza kurudi, funga koki yake. Chomoa nyaya, uzikunje kila mmoja peke yake.

Sasa spana mbili. Moja ishike kijibomba kisizunguke, ya pili ifungue swichi. Ukitumia moja utazungusha kijibomba pamoja na swichi na kuipasua tii ya plastiki, na hapo kazi ya nusu saa imekuwa kazi ya siku nzima na ya fundi mwingine.

Chokonoa kijibomba kwa waya wa hanga. Kinachotoka mara nyingi ni ute mwekundu kama udongo wa mfinyanzi, au magamba ya kutu. Kisha kifungue nacho ukakisugue nje. Kama ni cha bati na kutu imekila, nunua cha shaba. Hapo utakuwa umelimaliza.

Kagua tundu la chini la swichi pia. Suuza kwa maji na mswaki, lakini usiingize waya: nyuma yake kuna kiwambo, na kiwambo kikitoboka maji yanapanda mpaka kwenye pointi. Ukikuta maji ndani ya swichi tayari, kimetoboka. Hakuna gundi ya kuponya hilo.

Wakati wa kurudisha, zungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi lakini acha uzi wa kwanza wa mdomoni wazi. Tepu ikizidi hadi mdomoni, kipande chake kinakatika na kwenda kuziba tundu lilelile ulilotoka kulizibua. Nimewahi kufanya kosa hilo, tena nyumbani kwangu.

Hatua ya 6: Tenki la presha, mchawi mwenyewe

Ukiwa na haraka, ruka hatua nyingine yoyote, isipokuwa ile ya 2 ya kukata umeme, lakini usiruke hii.

Tenki la presha lina puto la raba ndani. Maji yanaingia puto, upepo uko nje yake. Upepo ukibanwa unakuwa kama springi: unasukuma maji kwenda bombani wakati pampu imezimwa, ili pampu isiwake kila mtu anaponawa mikono.

Upepo ukiisha, hakuna springi. Maji hayabanwi. Ukifungua bomba kwa sekunde moja presha inaanguka, pampu inawaka. Ukifunga inapaa, pampu inazima. Kila inapowaka, mota huvuta kwa mkupuo umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaovuta ikiwa imeshashika mwendo, na umeme wote huo unapita kwenye vile vijidoa viwili vya fedha. Swichi ambayo ingepaswa kuwaka mara chache kwa siku inajikuta inawaka mara mia kadhaa. Pointi zinapata moto, zinalainika, zinashikana. Halafu tunasema swichi za siku hizi hazina ubora.

Kupima ni rahisi. Umeme umekatwa, maji yametolewa yote, bomba la chini liko wazi. Gonga tenki kwa kiungo cha kidole juu na chini. Likitoa sauti ya ngoma kote, sawa. Likiwa zito na la kimya kote, limejaa maji.

Bonyeza kipini cha valvu ya upepo kidogo. Ukitoka upepo, endelea. Yakitoka maji, puto limepasuka. Kwenye matenki mengi yenye flanji ya bolti puto hubadilishwa. Mengine hununuliwa mapya.

Kama ulitoka upepo, pima kwa geji ya tairi. Unatakiwa kupata bar 0.2 pungufu ya presha ya kuwasha. Swichi inayowasha kwa 1.4 inataka tenki lenye 1.2, yaani psi kama 18. Ikipungua, ongeza kwa pampu ya baiskeli, ikizidi, punguza. Kipimo hiki hakina maana kama tenki bado lina maji yenye presha, kwa hiyo usione uvivu kumwaga.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi dukani. Tenki la lita 24 halikupi lita 24 za maji. Kwa mpangilio wa 1.4 hadi 2.8 linakupa kama lita 8 kati ya kuzima na kuwaka. Kama pampu yako inatoa lita 40 kwa dakika, itakuwa imelijaza kwa sekunde 12. Pampu za kuzama kisimani zinapaswa kukimbia walau dakika nzima kila zikiwaka, ili joto la kuanzia litoke. Ukipiga hesabu utaona pampu hiyo inataka tenki la lita 100 na ushei. Mtu akikufungia la 24 kwa sababu ndilo lililokuwepo kwenye gari, ujue amekufungia pia swichi mpya kila baada ya miezi kadhaa.

Umefanikiwa ikiwa baada ya kurudisha maji, tenki la presha linalia ngoma juu na kimya chini, na unajaza ndoo ndogo kabla pampu haijawaka.

Hatua ya 7: Kama ni lazima kununua swichi

Nunua endapo pointi zimejichomelea, zina mashimo, kiwambo kimetoboka, plastiki imeungua, au kijiwenzo hakiruki. Nenda na ya zamani mkononi.

Tazama vitu vitatu tu: kiwango cha presha kiwe kilekile, uzi wa chini uwe robo inchi, na ampea zilizoandikwa zizidi za pampu kwa nafasi nzuri. Pampu ya HP 1 ya volti 230 huvuta ampea 5 hadi 7 ikikimbia, kwa hiyo swichi ya ampea 16 inatosha.

Pima skrubu za nyaya palepale dukani kwa kuzikaza na kuzilegeza. Mimi niliwahi kuuziwa moja Kariakoo yenye boksi zuri na muhuri unaong'aa; nilipokaza skrubu ya pili, uzi ulikatika ikabaki inazunguka kama tiara. Niliporudi, muuzaji aliniuliza kama niliikaza kwa nguvu.

Funga nyaya kwa kufuata picha uliyopiga. Zinazotoka kwenye breka zikae palipoandikwa laini, za pampu zikae palipoandikwa mota. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ufungwe kwenye skrubu yake. Usiukunje na kuuficha eti pampu inafanya kazi bila huo. Tundu la waya lielekee chini na liwe na raba yake. Hapo ndipo sisimizi walipoingilia, na hapo ndipo pa kuwafungia mlango.

Hatua ya 8: Washa na upime

Funga kifuniko. Funga bomba la chini, fungua koki ulizofunga, toa tepu kwenye breka, washa.

Presha ipande taratibu mpaka 2.8, usikie tak moja, kimya. Mshale ubaki pale. Subiri dakika 10 bila mtu kutumia maji. Ukishuka wenyewe, kuna panapovuja, au valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani imechoka, na hiyo nayo itawasha pampu usiku kucha.

Fungua bomba. Mshale ushuke polepole hadi 1.4, tak, pampu iwake. Fanya mizunguko mitatu, ukiandika namba na muda pampu iliokimbia.

Namba zikiwa tofauti kidogo na ulizotaka, kata umeme ndipo ushike nati. Ya springi kubwa hupandisha au kushusha kuwasha na kuzima kwa pamoja. Ya ndogo hubadili pengo lililo kati yake. Nusu mzunguko, washa, soma, kata tena. Usipandishe ili bafu la ghorofani limwage kwa nguvu kama hujui pampu inaweza kufika wapi. Utarudi kwenye lile kundi la mshale uliogoma 2.3.

Ikinasa tena ndani ya mwezi mmoja

Kama tenki lina upepo, kijibomba ni safi na hakuna wadudu, basi umeme unaopita ni mwingi mno. Hapo nasimama mimi na anaanza fundi mwenye mita ya kubana waya.

Mwambie apime vitu viwili. Ampea za pampu ikikimbia, azilinganishe na kibati cha pampu. Mota iliyokabwa na mchanga huvuta zaidi. Na volti wakati pampu inaanza, sio wakati imetulia. Mtaa ukiwa na umeme mdogo jioni, au waya kutoka nyumbani hadi kisimani ukiwa mwembamba na mrefu, volti huanguka pale mota inapojaribu kuamka. Mota isiyoamka huvuta umeme wa kuanzia bila kikomo, na pointi ndizo zinazolipa.

Kwa pampu ya HP 2 na kuendelea, mwambie aweke kontakta. Swichi ya presha itabaki inaiamrisha kontakta kwa umeme kiduchu, na kontakta ndiyo itakayobeba mzigo wa mota. Pointi zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Usikubali kuambiwa "iache tu, utakuwa unaizima kwa breka." Pampu ya HP 1 hula takriban uniti moja ya LUKU kwa saa. Ukisahau saa 3 usiku ukaamka saa 12 asubuhi, uniti 9 zimekwenda, na pampu imelala ikijichemsha.

Ukimaliza, chukua maka peni uandike ndani ya kifuniko: kuwasha 1.4, kuzima 2.8, tenki 1.2, na tarehe ya leo. Kila masika yakikaribia, wakati sisimizi wanahamia pakavu, kata umeme, fungua, tazama, ongeza upepo, andika tarehe nyingine chini yake. Ule mwiko urudishe jikoni.